Mirathi ya asiyeacha mtoto wala wosia: familia moja mbele ya sheria nne

Mtu akifariki na kuacha mke au mume pamoja na watoto, ugawaji wa mali yake unaweza kuwa na ubishi mwingi, lakini angalau kila mmoja anawajua warithi kwa majina. Mambo hubadilika pale marehemu anapokuwa hana mwenzi, hana mtoto, na wazazi wake wametangulia mbele ya haki. Hapo hujitokeza shangazi, mjomba, wapwa na binamu, kila mmoja akiwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na marehemu: huyu alimlea, yule alimuuguza, mwingine ndiye anayebeba jina la ukoo.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule asiye na mtoto wala mwenzi, ambaye anapaswa kuamua kama ataiacha sheria igawe mali yake au ataandika wosia. Wa pili ni ndugu waliokwisha kufiwa, wanaohitaji kujua ni sheria ipi itakayowahusu na mlango wa mahakama ipi wabishe hodi. Sheria ninazolinganisha ni nne: Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160), ambayo ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu, sheria ya mila kama ilivyotangazwa Tanganyika kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo ilirithiwa kutoka enzi za ukoloni na ingali ikitumika Tanzania Bara kwa baadhi ya watu.

Ninachotaka msomaji akishike mapema ni kwamba sheria zote nne zinahesabu undugu, ila kila moja inaanzia kuhesabu mahali pake. Kwa hiyo ndugu mmoja anaweza kuwa mrithi wa mali yote katika mahakama moja na asipate hata senti katika mahakama iliyo mtaa wa pili.

Familia ya mfano

Tuchukue mwanamume aliyefariki bila wosia, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, na ambaye baba na mama yake walikwisha kufariki. Alikuwa na dada mmoja tu wa baba na mama mmoja, naye pia amefariki, akaacha watoto wawili, wa kike na wa kiume. Hawa ndio wapwa wa marehemu. Yupo pia shangazi, dada wa baba yake. Yupo mjomba, kaka wa mama yake. Na yupo binamu, mtoto wa kiume wa baba yake mdogo ambaye naye hayupo tena duniani. Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni, ambayo katika sheria zote hutangulia mgao wowote, zimebaki shilingi 24,000,000.

Mbele ya sheria ya Kenya

Kifungu cha 39 cha sheria ya Kenya kinapanga foleni. Marehemu asiye na mwenzi wala mtoto hurithiwa na baba. Baba akiwa amefariki, hurithi mama. Na wote wawili wakiwa hawapo, hurithi kaka na dada pamoja na watoto wa kaka na dada waliofariki. Utaratibu wa kumweka baba mbele ya mama umepingwa mahakamani kwa hoja ya usawa uliomo katika Katiba ya 2010, lakini kwa familia yetu hilo halina athari, kwa kuwa wazazi hawapo.

Jibu la Kenya hapa ni jepesi. Wapwa wawili wanaingia katika nafasi ya mama yao na kuchukua mali yote kwa mafungu sawa, shilingi 12,000,000 kila mmoja, bila kujali nani ni wa kike na nani ni wa kiume. Shangazi, mjomba na binamu hawapati kitu.

Kama wapwa wasingekuwapo, na kusiwepo pia ndugu wa mzazi mmoja wala watoto wao, ndipo sheria ingeanza kuhesabu vizazi. Hesabu huanzia kwa marehemu, hupanda hadi kwa mzazi au babu anayewaunganisha, kisha huteremka hadi kwa ndugu anayehusika, na kila kizazi ni daraja moja. Shangazi na mjomba wako daraja la tatu: mzazi, babu, kisha mtoto wa babu. Binamu wa kwanza yuko daraja la nne. Walio katika daraja la karibu zaidi hugawana sawa na kuwafungia mlango walio nyuma yao, wawe wa upande wa baba au wa mama. Hesabu hiyo inakoma daraja la sita, ambalo ni la watoto wa mabinamu kwa mabinamu. Asipopatikana yeyote hadi hapo, mali huenda serikalini na kuingizwa katika mfuko mkuu wa taifa.

Mbele ya Sheria ya India ya 1865

Sheria hii ni kongwe kuliko mataifa yetu, na watu wengi wanaoishi chini yake hawajui kwamba ipo. Nayo haitofautishi upande wa baba na upande wa mama, wala mwanamke na mwanamume. Baba akiwa hai huchukua yote pale ambapo hakuna mtoto wala mwenzi. Baba akiwa hayupo, mama hugawana sawa na kaka na dada wa marehemu, na watoto wa kaka au dada aliyefariki hupokea fungu la mzazi wao.

Kwa familia yetu, hata hivyo, sheria hii inatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii. Wapwa hulichukua fungu la mzazi wao pale ambapo yupo angalau kaka au dada mmoja wa marehemu aliye hai, au mama. Wote hao wakiwa hawapo, mali hugawanywa sawa kwa ndugu wote walio katika daraja la karibu zaidi, na wapwa wanahesabiwa kwa daraja lao kama watu wengine. Mpwa yuko daraja la tatu: mzazi, dada, mtoto wa dada. Shangazi na mjomba nao, kama tulivyoona, wako daraja la tatu. Hivyo watu wanne wanasimama mstari mmoja, kila mmoja anapata shilingi 6,000,000, na binamu wa daraja la nne anabaki nje.

Ni familia ileile na undugu uleule, lakini shangazi aliyekosa kila kitu Kenya sasa ana robo ya mali. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu linalowatambua watu wengi zaidi kati ya yote manne, ingawa lina gharama yake: shamba moja likigawiwa watu wanne wa koo tatu tofauti, mara nyingi mwisho wake ni kuuzwa.

Mbele ya faraidhi

Hapa panahitaji kutulia, kwa sababu ndipo makosa mengi ya vikao vya familia yanapotokea. Warithi katika Uislamu wako katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wenye mafungu maalumu yaliyotajwa katika aya ya 11, ya 12 na ya 176 za Suratun-Nisaa: mume, mke, mama, binti, dada na wengine. Kundi la pili ni asaba, yaani jamaa wa kiume wanaoungana na marehemu kupitia wanaume, ambao huchukua kinachobaki baada ya wenye mafungu, au chote wasipokuwepo wenye mafungu. Kundi la tatu ni dhawil-arham, ndugu wa damu wasiokuwa katika makundi mawili ya kwanza.

Sasa tuiangalie familia yetu. Wapwa, kwa kuwa wanaungana na marehemu kupitia dada, ni dhawil-arham. Shangazi ni dhawil-arham, ijapokuwa kaka yake angekuwa asaba. Mjomba, vivyo hivyo, ni dhawil-arham. Binamu peke yake, mtoto wa kiume wa baba mdogo, ni asaba. Kwa sababu hakuna mwenye fungu maalumu, binamu anachukua shilingi 24,000,000 zote. Yule aliyekosa katika sheria ya Kenya na katika sheria ya India ndiye mrithi pekee hapa.

Familia zisizofahamu mpangilio huu huona kama binamu amewadhulumu wapwa, na baadhi ya mabinamu hubanwa na jamaa hadi kuachia haki yao bila kuridhika. Binamu akitaka kuwapa wapwa kitu kwa moyo wake baada ya kukabidhiwa, hiyo ni hiari yake na ni jambo jema. Kurani yenyewe, katika aya ya 8 ya sura hiyohiyo, inahimiza kuwapa kitu jamaa wasiorithi wanaohudhuria mgao. Lakini hiari hiyo haiwezi kuandikwa katika muhtasari wa kikao kama uamuzi wa wengi.

Na kama binamu asingekuwepo? Wanazuoni wa Kishafii wa zamani walisema mali isiyo na asaba iende baitul-mali, yaani hazina ya umma ya Waislamu. Wa baadaye, kwa kuwa waliona baitul-mali haiendeshwi inavyotakiwa, wakawarithisha dhawil-arham kwa njia ya kuteremsha, yaani kila mmoja anawekwa mahali pa yule anayemuunganisha na marehemu. Kwa njia hiyo shangazi anasimama mahali pa baba, mjomba mahali pa mama, na wapwa mahali pa dada. Baba humzuia dada, kwa hiyo wapwa hawapati. Mama ana theluthi na baba anachukua kinachobaki. Shangazi angepata shilingi 16,000,000 na mjomba 8,000,000. Wahanafi, kwa upande wao, wanawatanguliza wapwa mbele ya shangazi na mjomba, kwa kuwa wao ni kizazi cha wazazi wa marehemu na wale ni kizazi cha babu zake. Shia Ithnaashari, ambao wana jamii za miaka mingi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hawana kabisa kundi la asaba, na kwao wapwa huwazuia shangazi, mjomba na binamu kwa pamoja. Kwa hiyo haitoshi kusema marehemu alikuwa Mwislamu. Madhehebu yake nayo lazima yajulikane, na mtu wa kuulizwa ni kadhi au mwanazuoni wa faraidhi. Jamaa anayekumbuka nusu ya kanuni hafai kutegemewa katika hili.

Mbele ya mila

Tangazo la 1963 liliandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Msingi wake ni kwamba mali, hasa ardhi, ni ya ukoo, na mtu anaishika kwa wakati wake tu. Kwa mantiki hiyo wapwa wa familia yetu ni watu wa ukoo wa baba yao, na mjomba ni wa ukoo wa mama wa marehemu. Wote wako nje. Wanaobaki ndani ya ukoo ni shangazi na binamu, na kwa ardhi ya ukoo anayetazamwa ni binamu. Kanuni za tangazo hilo zinampa mwanamke haki ya kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Baraza la ukoo lina sauti kubwa katika kuamua nani ashike nini.

Lakini si makabila yote yanayohesabu hivyo. Waluguru wa Morogoro, pamoja na Wamakonde na Wamwera wa kusini, kwa mila zao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na huko mambo hugeuka: wapwa, watoto wa dada, ndio damu ya marehemu, na mjomba ni mwenye mamlaka katika ukoo, ilhali shangazi na binamu wa upande wa baba ni watu wa ukoo mwingine. Tangazo la 1963 halikuandikwa kwa ajili yao, hivyo mila yao huthibitishwa mahakamani kwa ushahidi wa wazee.

Lazima niseme wazi kwamba kati ya sheria nne, hii ndiyo inayomwacha mwanamke katika hali ngumu zaidi, na mahakama na Bunge vimekwisha kuigusa mara kadhaa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania huko Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kuitumia ardhi. Kwa hiyo shangazi anayeambiwa na kikao kwamba mila haimtambui asikubali kirahisi. Ana hoja ya kwenda nayo mahakamani.

Akiwepo mwenzi au ndugu wa mzazi mmoja

Mtu mmoja tu akiongezeka, picha inabadilika. Tuseme marehemu wetu aliacha mke, bila mtoto. Kenya, mke angechukua vitu vya nyumbani na vya matumizi binafsi, pamoja na asilimia 20 ya mali iliyobaki (au shilingi 10,000, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi). Tukichukulia kwamba vitu vya nyumbani vimekwisha kutolewa, hiyo ni shilingi 4,800,000, na shilingi 19,200,000 zingebaki mikononi mwake azitumie kwa maisha yake. Haki hiyo ikikoma, mali inarudi kwenye foleni ya kifungu cha 39, yaani kwa wapwa. Chini ya sheria ya India, mke angepata nusu moja kwa moja, shilingi 12,000,000, na ndugu wanne wa daraja la tatu wangegawana nusu nyingine, 3,000,000 kila mmoja. Katika faraidhi, mke wa mtu asiye na mtoto ana robo, shilingi 6,000,000, na binamu anachukua 18,000,000.

Katika Tangazo la 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Anachotegemea ni kutunzwa na watoto wake, na katika mfano wetu watoto hao hawapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliofikisha malalamiko yao huko. Mume ambaye hana mtoto na anaishi maisha ya kimila asimwache mkewe mikononi mwa kanuni hii hata siku moja.

Kuhusu ndugu wa mzazi mmoja, tuseme marehemu ana dada wa mama mmoja, baba mbalimbali. Kenya inamweka nyuma ya ndugu wa baba na mama mmoja na watoto wao. Wapwa wakiwepo, yeye hapati. Sheria ya India haimbagui kabisa: yeye ni dada aliye hai, hivyo anachukua nusu, na wapwa sasa wanachukua nusu ya mama yao, huku shangazi na mjomba wakitoka. Faraidhi inampa sudusi, yaani sehemu moja ya sita, shilingi 4,000,000, na binamu anachukua 20,000,000.

Sheria ipi itawahusu

Kwa Kenya, swali hili lina jibu lililonyooka zaidi. Sura ya 160 inamhusu kila mtu, isipokuwa Waislamu, ambao mirathi yao hufuata faraidhi, na mahakama za kadhi zinatambuliwa na ibara ya 170 ya Katiba kwa mashauri ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Kuna pia kaunti za wafugaji, kama Turkana, Samburu, Marsabit, Wajir, Garissa, Kajiado na Narok, ambako ardhi ya kilimo, mazao na mifugo ya asiyeacha wosia hufuata mila ya marehemu.

Tanzania Bara hakuna foleni moja. Mwafrika huchukuliwa kuwa chini ya mila ya jamii yake mpaka ithibitike kwamba aliishi maisha mengine. Mwislamu ambaye maneno, matendo au mwenendo wake ulionyesha kwamba alitaka mirathi yake ifuate dini yake, hufuata faraidhi. Na aliyeachana na maisha ya kimila bila kuwa Mwislamu huangukia Sheria ya India. Kubatizwa peke yake hakutoshi. Katika shauri la mwaka 1969 lililohusu Mkristo aliyeishi Dar es Salaam mbali na kwao, Mahakama Kuu iliangalia namna alivyoishi hadi ikaridhika kwamba mila ilikuwa imebaki nyuma yake. Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe, wenye mahakama za kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja katika kuchagua mahakama. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi ya kimila na ya Kiislamu; mirathi ya Sheria ya India hufunguliwa katika mahakama za juu yake. Nimeona familia zikikimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na ada zake ni nafuu, bila kutambua kwamba kwa hatua hiyo wanakubali kimyakimya kwamba marehemu alikuwa mtu wa mila. Mpwa au mjomba ambaye angepata robo chini ya sheria ya 1865 anapaswa kusimama na kupinga mapema, kabla msimamizi hajateuliwa, kwa kuwa baada ya hapo safari huwa ndefu.

Kwa familia iliyo pande zote mbili za mpaka, yenye nyumba Mombasa na shamba Tanga, kwa mfano, ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Mali moja ya marehemu mmoja inaweza kugawanywa kwa sheria mbili.

Kuthibitisha undugu

Mtoto anathibitisha kwa cheti kimoja cha kuzaliwa. Ndugu wa mbali anahitaji mnyororo mzima. Wapwa wa familia yetu watatakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha marehemu, cheti cha kifo cha mama yao, vyeti vyao vya kuzaliwa vinavyomtaja mama huyo, na kitu kinachoonyesha kwamba mama yao na marehemu walizaliwa na wazazi walewale. Kwa vizazi vilivyozaliwa kijijini miaka ya 1940 au 1950, hicho cha mwisho mara nyingi hakipo, na pengo hilo huzibwa na viapo vya wazee wanaoijua familia. Wazee hao hawaishi milele, na kiapo cha leo kina thamani kuliko kumbukumbu itakayotafutwa baada ya miaka kumi. Kenya, barua ya chifu inayowataja jamaa waliobaki ndiyo hatua ya kwanza. Tanzania, ni muhtasari wa kikao cha familia unaopendekeza msimamizi. Hakikisha jina lako limo, hata kama hukubaliani na mengine yaliyoandikwa.

Msimamizi wa mirathi, awe amechaguliwa na kikao au la, si lazima awe mrithi, na kuteuliwa kwake hakumpi fungu lolote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi halali na kurudisha hesabu mahakamani. Kenya, maombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na kwa kawaida mali haigawiwi mpaka hati ya usimamizi ithibitishwe, miezi sita baada ya kutolewa. Mtu anayechukua au kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka anatenda kosa la jinai. Asipopatikana ndugu aliye tayari kusimamia, Kenya yupo Mdhamini wa Umma, na Tanzania Bara yupo Kabidhi Wasii Mkuu chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kuiacha sheria igawe, au kuandika wosia

Kama huna mtoto wala mwenzi, anza kwa kuandika majina ya ndugu zako walio hai, kisha uyapitishe katika sheria itakayokuhusu kama tulivyofanya hapa. Yule ambaye sheria itamchagua akiwa ndiye ambaye wewe mwenyewe ungemchagua, na mali yako ikiwa ni ya aina inayogawika, unaweza kuiacha sheria ifanye kazi yake bila hofu kubwa. Mkenya asiye Mwislamu ambaye ndugu zake wa karibu ni wapwa, na ndio anaowatakia mema, yuko katika hali hiyo.

Wako wengine ambao kwao ningesema wosia ni lazima. Wa kwanza ni Mkenya aliyelelewa na shangazi au mjomba: kifungu cha 29 kinawaruhusu baadhi ya wategemezi kuomba mahakama iwatengee sehemu ya mali, wakiwemo kaka, dada, babu, bibi na mtoto uliyemchukua kama wako, lakini shangazi na mjomba hawamo katika orodha hiyo, hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukiwalisha. Wa pili ni Mwislamu wa Kishafii mwenye wapwa anaowasomesha na binamu wa upande wa baba. Huyo anaweza kuwausia wapwa hadi theluthi, ambayo katika mfano wetu ni shilingi 8,000,000, kwa kuwa wao si warithi. Akitaka kuwapa zaidi ya hapo, njia ni hiba, yaani zawadi, ya kweli anayoikabidhi mikononi mwao akiwa hai na mwenye afya. Wa tatu ni mwanamume au mwanamke wa Tanzania Bara ambaye hana hakika kama mahakama itamwona mtu wa mila au la. Kwake wosia unaondoa sehemu kubwa ya ubishi huo.

Masharti ya wosia nayo hayafanani. Kenya, wosia wa maandishi hutiwa saini na mwenye mali na kushuhudiwa na watu wawili, na anayenufaika asiwe miongoni mwa mashahidi hao wawili. Wosia wa mdomo hutamkwa mbele ya mashahidi wawili na hufa wenyewe kama aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu. Sheria ya India inataka mashahidi wawili. Kanuni za mila za 1963 zinataka mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, na ikiwa mwenye kuusia hajui kusoma na kuandika, mashahidi wawe wanne. Wosia wa mdomo nao unataka wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Kwa mtu ambaye haijulikani atahesabiwa chini ya sheria ipi, nashauri aandike, aweke mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na asiwepo hata mmoja kati yao anayepewa chochote ndani ya karatasi hiyo, kwa sababu idadi hiyo inatosheleza masharti ya mashahidi katika mila na katika Sheria ya India kwa pamoja.